Nilivyoliamini Bati la Mzee Pazi

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa zilazeni hizo simu kifudifudi mezani, kwa sababu ninachotaka kusema kinazihusu, na mimi sipendi kumsema mtu huku ananitazama.

Jina langu ni Zuhura, ingawa miaka yote ya kazi nilijulikana kama Mama Miba. Nilikuwa fundi wa kutafuta mawimbi. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na siitaji kwa sababu wenyewe bado wako hai na wana hasira za karibu. Makampuni ya simu yalituita tutafute vitu viwili. Cha kwanza ni vile vidude vya kukuza mtandao ambavyo watu hununua na kuvifunga majumbani bila ruhusa, mtu mmoja anapata mtandao chooni kwake na mtaa mzima unakosa. Cha pili, mara mojamoja na kwa barua ya polisi, ni simu iliyopotea pamoja na mwenye simu. Kitendea kazi chetu kikubwa kilikuwa antena ya mkononi yenye vijiti vilivyopangwa kama samaki aliyeliwa ikabaki miba. Watoto wa Tandale waliponiona nimeishika wakaniita Mama Miba, na jina likanifuata mpaka kwenye kadi yangu ya kustaafu, ambako mkurugenzi aliliandika bila aibu yoyote.

Nawajua nyie. Simu ikipotea mnafungua simu ya mwenzenu, mnaona kinukta cha bluu kwenye ramani, mnatoka mbio. Mpwa wangu wa Temeke, kijana mwenye cheti cha kompyuta kilichotundikwa sebuleni juu ya televisheni, alipoteza simu Jumamosi moja. Kinukta kikatua kwenye saluni ya kina mama, mtaa wa pili. Akaenda akaketi kwenye benchi la nje, akawa anamkodolea macho kila mteja anayetoka, hasa mkoba. Kufika adhuhuri wenye saluni wakammwagia maji ya kuoshea nywele. Simu ilikuwa nyumbani kwao, chini ya mto wa bibi yake, aliyeichukua kusikiliza mawaidha akapitiwa na usingizi.

Kuzunguka kile kinukta huwa kuna duara hafifu. Mnaliona? Hamlioni. Lile duara ndiyo namna ya simu kusema, "Sijui vizuri, niko humu humu mtaani." Kinukta kimewekwa kuwafurahisha, duara ndilo lenye adabu. Nyie mnakiamini kinukta na duara mnaliona pambo. Nawacheka, lakini nawacheka nikijua kwamba mimi, bila kinukta wala ramani, nilifanya baya kuliko la kumwagiwa maji ya saluni. Nitafika huko, msinisukume.

Kwanza muelewe shida ya ndani ya nyumba. Uwanjani, mawimbi ya simu yanakuja moja kwa moja kutoka yalipo, unaelekeza antena, yanalia, unakwenda. Ndani ya nyumba hayana uaminifu huo. Yanagonga ukuta yanarudi, yanatokea dirishani, yanapanda kwenye tangi la maji, yanazunguka friji, na unapoyapata wewe yameshapita sehemu nne. Bati ndilo baya kuliko vyote. Kwa mawimbi, bati ni kioo: unaona sura ya mtu ndani yake na mtu hayumo. Na Dar es Salaam yetu, niambieni, ni nyumba gani haina bati?

Aliyenifundisha haya ni Mzee Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye sauti ya kwaya. Alivaa mabuti ya mvua mwaka mzima, jua liwake lisiwake, na tulimcheka kweli. Hakuwahi kukasirika. Alikuwa na mambo yake manne na aliyarudia mpaka ukayaota.

La kwanza: usitafute inapopiga kelele, tafuta inapokufa. Unashika kipokezi kifuani bila antena yoyote, unainama kidogo, unajizungusha polepole. Mwili wa binadamu ni maji matupu, na maji yanameza mawimbi. Pale sauti inapozimika, simu iko nyuma ya mgongo wako. Inaonekana kichekesho, mtu mzima anajizungusha kama anacheza peke yake, lakini mgongo wangu umepata simu nyingi kuliko antena yangu.

La pili: ukikaribia sana, jizibe. Ukiwa hatua tano kutoka kwenye simu kipokezi kinalia kila upande na hakikusaidii tena. Nyie leo mna kitufe cha kupunguza nguvu. Sisi tulikuwa tunaazima sufuria kwa mama ntilie, tunatumbukiza kipokezi ndani, tunafunika nusu, tunasikiliza kinachobaki. Nimeshawahi kutafuta kidude Kinondoni nzima kwa sufuria yenye harufu ya maharage.

La tatu: zunguka pande zote nne. Mzee alisema pande tatu ni uvivu na pande mbili ni ushirikina.

La nne ndilo lililokuwa desturi yetu hasa, tofauti na mafundi wengine wote. Hatunyooshi kidole. Ukiwa mtaani na watu wanakutazama, hata kama una uhakika, huionyeshi nyumba kwa kidole, kwa macho wala kwa kidevu. Unaandika kwenye daftari, unapita, unarudi kwa upande mwingine. Husemi neno mpaka kitu umekishika mkononi. "Binti," aliniambia, "wewe una antena. Wale wanaokutazama wana mawe."

Tandale ndiko nilikoiva. Siku moja tulikuwa sokoni kwa mambo yetu, mama mmoja muuza mchele akatukamata. Simu yake imepotea asubuhi hiyo na alishawatuhumu wapagazi wote kwa majina na kwa makabila. Tukamwambia aipige kwa simu ya jirani. Mzee akanisukuma mbele, nikakumbatia kipokezi, nikaanza kujizungusha katikati ya magunia. Soko likasimama kazi.

"Mganga huyo!"

"Mganga gani havai hata hirizi? Huyo kazidiwa na jua!"

Dada mmoja muuza nyanya akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo mashine inaonyeshaga na mume?"

"Inaonyesha simu tu."

"Basi freshi. Wangu hatengani na simu hata akiwa anaoga. Njoo kesho nikupe namba."

Nilijizungusha mpaka kizunguzungu. Sauti ilikufa nikiwa nimewapa mgongo magunia matatu ya mchele wa mwenye simu mwenyewe. Nikaandika kwenye daftari, nikazunguka upande wa pili, ikafia palepale. Mzee Ambokile akamwomba mama yule, taratibu kabisa, atie mkono kwenye gunia la katikati. Akaitoa imejaa unga wa mchele. Alikuwa ameiangusha akipima. Wapagazi walimtazama, na mama yule, bila hata kufuta unga, akasema, "Mie nilijua tu." Hakuna aliyeumia siku hiyo kwa sababu hakuna aliyenyoosha kidole. Wakati ule nilidhani tumefanikiwa kwa sababu ya ufundi wangu wa kujizungusha.

Sasa nikiri tabia yangu. Mimi ni mwanamke wa Temeke niliyefanya kazi ya nguzo, nyaya na mabegi mazito. Kila nilipofika mahali, swali la kwanza lilikuwa, "Fundi yuko wapi?" Nikisema ni mimi, wanatazama nyuma yangu kama nimemficha. Mwenzangu wa kiume akisema sijui ni mtaalamu mwangalifu, mimi nikisema ni mwanamke asiyejua. Kwa hiyo nikajizoesha kutosema. Mwaka hadi mwaka neno hilo likaniishia mdomoni kabisa, na wenzangu wakanisifu kwamba najiamini. Mzee Ambokile alikuwa ameshastaafu amerudi Tukuyu kwenye migomba yake, hakuna wa kuniambia nyamaza.

Ndipo ikaja Jumapili ya Chanika.

Mwalimu Tesha, mstaafu wa hesabu, alikuwa amepanga Temeke na akijenga Chanika tofali kwa tofali, kama wastaafu wote. Jumamosi alasiri alikwenda kutazama pagale lake na hakurudi. Binti yake, Glory, alipiga simu usiku kucha. Inaita, haipokelewi. Asubuhi akaenda mwenyewe kwenye pagale, akapita vyumba vyote, akaita, hakuna kitu ila mirundo ya mbao na mifuko ya saruji. Polisi wakatoa barua, ofisi yetu ikaanza kuifanya ile simu iitike kimyakimya kila baada ya sekunde chache ili mimi niisikie, nami nikafikishwa pale saa nne. Kila mtu alijua hesabu ilivyo: simu haijachajiwa tangu jana, ikizima hatuna tena njia ya kumpata. Na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kama Mwalimu alikuwa ameanguka mahali, alikuwa ameanguka kwenye baridi na maji.

Glory alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, wamesema wewe ndo kiboko yao. Nitafutie baba yangu."

Jirani wa pagale lile alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo wa palepale, aliyemuuzia Mwalimu kiwanja. Tangu auze walikuwa wakigombania bikoni, lile jiwe la mpaka, Mwalimu akisema limesogezwa hatua moja na nusu, Mzee Pazi akisema Mwalimu hajui kuhesabu hatua, na hilo kwa mwalimu wa hesabu ni tusi kubwa. Wiki mbili nyuma walirushiana maneno dukani, na Mzee Pazi akamwambia mbele ya watu, "Wewe utaondoka hapa umebebwa." Maneno ya dukani. Hakuna mzee wa Pwani ambaye hajayasema kwa mtu fulani. Lakini nilipofika, kila aliyenisalimia alinipa maneno yale pamoja na salamu.

Nikavaa visikizi vyangu vikubwa vya kufunika masikio, nikawasha, nikainua antena. Tik, tik, tik. Simu hai. Nikasikia raha, nasema kweli, raha ya kazi. Nikaipima kutoka barabarani mwanzo wa nyumba, nikaipima katikati, nikaipima mwisho. Mara zote tatu mstari ulikwenda nyumba ya Mzee Pazi, iliyoezekwa bati jipya, lile pana la rangi wanaloliita msauzi, linang'aa mpaka unakunja uso.

Upande wa nyuma, kwenye shamba la mihogo lililopita nyuma ya nyumba zote mbili, sikwenda. Lilikuwa tope tupu. Nami siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi alivyoniletea binti yangu, vipya, vya kahawia. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Ningependa kuwaambia kulikuwa na mbwa, au muda ulibana. Ni viatu.

Askari aliyekuwa nasi akaniuliza, "Vipi mama, umepata?"

Jibu la kazi lilikuwa "bado." Nikageuka, nikaona watu wamejaa barabarani, na kijana mmoja wa bodaboda akamwambia mwenzake bila hata kupunguza sauti, "Oya, huyu bi mkubwa anazungusha mwiko tu hapa. Angekuja fundi mwenyewe."

Nikanyoosha kidole kwenye nyumba ya Mzee Pazi. "Yumo humo," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwenye kipaza sauti. "Asilimia mia."

Mzee Pazi alitoka na msuli na fulana, kibaraghashia kichwani. Alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. "Ingieni," akasema. "Tafuteni mtakavyo. Mie sina cha kuficha, labda madeni ya mke wangu ya vijora."

Ndani, kipokezi kililia sebuleni. Kikalia chumbani, jikoni, chooni, korido. Kila pembe sawasawa. Hata mwanafunzi wa siku mbili wa Mzee Ambokile angejua maana yake: kikilia kila mahali, kitu hakipo hapo, unasikia mwangwi. Mimi nikajiuliza ni wapi simu inaweza kukaa ikasikika nyumba nzima, nikajibu mwenyewe, "Iko darini." Wakapandisha vijana, wakavunja dari. Walitoa panya wawili na boksi la sahani za harusi ya mkewe, zikaanguka zote. Mama wa watu aliinama akaanza kuokota vigae vyake sakafuni.

"Jamani nisikilizeni," Mzee Pazi akasema. "Alfajiri nilivyokuwa natawadha nimesikia ngo, ngo, ngo, huko kwa Mwalimu. Nikajua mafundi. Sasa nawaza, Jumapili mafundi wa nini? Si mkaangalie kule?"

"Anatutoa kwenye reli huyo!" mtu akasema mlangoni.

Nami, mtaalamu, nikainua mkono. "Mzee, naomba unyamaze kidogo. Nasikiliza."

Nikakivuta kisikizi kikae vizuri sikioni.

Sikuona nani alianza. Wakamtoa nje. Askari alikuwa mmoja na wao walikuwa mtaa. Kibaraghashia kilianguka, kikakanyagwa. Fimbo ilishuka, Mzee Pazi akainua mkono wa kushoto kujikinga, na ule mkono ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Niliona mdomo wake umefunguka wote. Sikusikia chochote. Masikioni mwangu kulikuwa na simu tu, tik, tik, tik, safi kabisa, mtambo wa bei mbaya ule.

Kisha tik ikakata.

Nikatikisa kipokezi. Nikabadilisha antena. Simu yangu mwenyewe ikatetemeka, ofisini wananiambia namba ile haipatikani tena. Glory alikuwa ananitazama usoni, akaelewa kabla sijatoa neno, akakaa chini kwenye mchanga. "Imezima?" akasema. "Mama Miba, imezima?"

"Imezima."

Watu nao wakanyamaza, maana hata waliokuwa wanapiga walitaka kujua mashine inasema nini. Sikuwa na kitu cha kusikiliza tena, nikavua visikizi. Na pale pale, kwa masikio haya niliyozaliwa nayo, nikasikia kutoka kwenye pagale. Ngo. Kimya. Ngo, ngo.

Nilikimbia kupita mihogoni, viatu vikabaki kwenye tope. Kwenye stoo ya nyuma ya pagale kulikuwa na mrundo wa mbao na vipande vya bati, na chini yake tangi la maji la kuchimbia ardhini ambalo Mwalimu alikuwa bado hajalifunika kwa zege. Alikanyaga bati akidhani limeshikwa na mbao, likapinduka naye, likarudi likafunika nusu ya shimo. Kwa hiyo mawimbi ya simu yake yalitokea juu tu, kupitia ufa uliobaki, kwenye pagale lisilo na paa, yakagonga bati la msauzi la jirani, na bati likanitumia mimi barabarani. Ningesimama mihogoni mara moja tu, nikageuza mgongo, ingefia palepale.

Mwalimu Tesha alikuwa na maji mpaka kiunoni, mguu umevunjika, jiwe mkononi. Kioo cha simu, aliyokuwa ameizima sauti, kilipasuka alipoanguka, akawa anaiona inaita, anaigusa, haiguswi. Usiku mzima anamwona binti yake anapiga. Alipotolewa sauti yake ilikuwa imeisha kwa kuita usiku kucha, na Glory alipopita asubuhi alikuwa amezimia kwa baridi, lakini alitaka kueleza, ualimu hautoki.

"Niliwasikia," akaniambia. "Nilisikia mama anasema kwa nguvu, 'Yumo humo.' Nikasema, Mungu mkubwa, nimepatikana. Nikaacha kugonga, nisije nikawasumbua."

"Muda gani?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa na saa mkononi.

"Mpaka nikaona simu imekufa na hamji. Ndo nikaanza tena."

Saa nzima na zaidi. Mtu amekaa kwenye maji, amevunjika, ametulia, ananisubiri mimi nimalize kuvunja dari la watu.

Mwalimu alipona. Anachechemea. Bikoni bado wanaligombania yeye na watoto wa Mzee Pazi, kwa hiyo kwa upande huo Mungu amewarudishia maisha yao kamili. Mkono wa Mzee Pazi uliunga ukiwa umepinda. Alikuwa fundi seremala wa vitanda, na seremala wa mkono mmoja ni mtu wa kukaa barazani.

Ofisini niliandika ripoti nzuri sana. Niliandika "mwakisiko wa mawimbi kutokana na paa la chuma." Mkurugenzi akanisifu kwa lugha. Hakuna mahali nilipoandika viatu.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kwa Mzee Pazi na sukari na majani ya chai, kama tunavyofanya. Mkewe akanipa kiti, akaenda zake jikoni. Vikombe alivyoleta vilikuwa vya plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaanza kumweleza bati, mwangwi, ufa wa shimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Mie mashine sina ugomvi nayo," akasema. "Mashine haina masikio, ila wewe unayo, na nilikwambia. Lakini nimekusamehe, na umri huu wangu sitaki kulala na kinyongo. Ila ulivyosema Mwalimu yumo humo, ulisema kwa sauti. Barabara nzima ilisikia. Basi nenda kaseme hayumo. Kwa sauti ileile."

Niliondoka nikiwa na nia kweli. Nyumba ya kwanza niliwaambia, wakasema sawa. Ya pili, wakasema sawa, wakaniletea maji. Ya tatu waliniambia Mwalimu mwenyewe alishapita akisema aliteleza, ila Mwalimu wa watu anaogopa kurogwa, mnajua tena Wazaramo na mambo yao. Nikawaambia hapana, mimi ndiye niliyekosea. Wakanitazama kwa huruma.

Nikafika dukani, pale pale waliporushiana maneno. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, alinikumbuka. Nikamweleza yote, nikamwambia mtambo haukumwonyesha Mzee Pazi, ulionyesha bati lake, na mimi nilikuwa na kiburi.

"Lakini mama," akasema, "si ulisema asilimia mia?"

"Nilisema. Nilikosea."

Akapima sukari ya mteja, akafunga, akamrudishia chenji. Kisha akainama juu ya kaunta, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa, "Amekupa nini?"

Siku niliyosema uongo kwa kujiamini waliniamini wote, mpaka wakavunja mkono wa mtu. Siku niliyosema kweli, kwa unyenyekevu, nimebeba mkoba mtupu wa sukari niliyotoka kuitoa, nikaonekana nimenunuliwa. Nyumba ya tano geti lilikuwa limefungwa. Nikashukuru Mungu kwa lile geti, nikapanda gari nikarudi Temeke. Zilikuwa zimebaki nyumba nyingi, na tangu siku ile mpaka leo sijazimaliza.

Mzee Pazi aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Nilikwenda kuzika. Tulikuwa tumekaa barazani kwa marehemu, turubai limefungwa mpaka barabarani, na watoto wawili walipita wakitoka madrasa. Walipofika usawa wa geti la Mzee Pazi, mmoja akamshika mwenzake mkono, wakavuka barabara, wakapita upande wa pili.